Mwaka Mwezi Ulipokwenda Mbali

Redio ndiyo iliyonirudisha kijijini Masoko. Si redio yangu, maana yangu naifungulia taarifa ya habari tu, tena kwa kuizomea. Ni redio ya Mama Bupe, ile ndogo ya betri anayoilaza kifuani mchana kutwa tangu macho yake yalipozimika. Bupe, binti yake, alinipigia simu Jumanne asubuhi nikiwa napalilia mchicha nyuma ya nyumba yangu hapa Mbeya. Sauti yake ilikuwa ile ile kavu anayonipa kwa zaidi ya miaka thelathini. "Shikamoo, Mwalimu. Mama amesikia redioni kwamba Alhamisi mwezi mpevu utakuwa karibu na dunia kuliko mara zote mwaka huu. Anasema uje." Nikamwuliza nije kufanya nini, kwa sababu mimi ni mtu wa kuuliza hata jambo ninalolijua. "Anasema uje umalizie somo lako," akajibu, kisha akaniaga kwa adabu zote na kukata simu. Nikabaki na jembe mkononi, nikitazama mchicha ambao sasa sikumbuki kama niliupalilia au niliung'oa.

Niliseme mapema, msomaji asije akadhani namzungusha. Mama Bupe ni kipofu, na mimi nimechangia upofu ule. Sikumpiga, sikumpa sumu, sikumfanyia ubaya wowote ambao mtu angeweza kunipeleka nao kwa mwenyekiti wa kijiji. Nilimweleza jambo la kweli kuhusu mwezi, nikalieleza nusu. Masoko nzima wanajua, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunisema mbele ya uso wangu. Nafikiri wangenisema ningejitetea, na kujitetea nakuweza sana. Kwa kuwa hawakunisema, nimebaki na kesi isiyo na mlalamikaji, na kila usiku wa mwezi mpevu nafunga mapazia kabla ya wakati wake. Wanangu walidhani ni ushirikina wa watu wa Kyela.

Nilifika kwa Mama Bupe mwezi wa Januari, nikiwa na miaka ishirini na mitatu, mwalimu mpya wa jiografia katika shule iliyokuwa haina nyumba ya mwalimu. Nilikuwa nimetoka joto la Kyela, na baridi ile ilinikuta sina hata sweta. Mama Bupe alikuwa mjane wa makamo, mwenye shamba la chai, migomba, na nyumba ya matofali ya kuchoma yenye vyumba vitatu. Alinipa kile cha kati. Kilikuwa na dirisha lililotazama migomba, kitanda cha mbao, msumari mmoja wa kutundika nguo, na harufu ya ndizi zilizokuwa zikiiva chini ya kitanda changu, maana alisema chumba chenye mtu ndani kina joto na ndizi huiva upesi. Nyumba haikuwa na dari. Mvua ikinyesha juu ya bati hamkuweza kusikizana hata mkikaa goti kwa goti, na mvua ya kule hainyeshi kwa saa, hunyesha kwa wiki. Lakini ikikatika, kila neno lililosemwa chumba cha pili lilipanda, likavuka juu ya ukuta, likashuka kitandani kwangu. Nilimjua Mama Bupe zaidi kwa njia hiyo kuliko kwa mazungumzo ya ana kwa ana. Kila usiku alimwuliza bintiye amejifunza nini, na Bupe, aliyekuwa kidato cha pili na mwanafunzi wangu, alilazimika kumfundisha mama yake somo zima gizani kabla hajaruhusiwa kulala.

Tulikula jikoni, tumekaa kwenye vigoda kuzunguka mafiga. Mbalaga ya ndizi na maharage, parachichi la kupaka chumvi, maziwa ya mgando kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi hadi maziwa yenyewe yakawa na ladha ya moshi. Siku nikipata mzigo kutoka Kyela tulipika wali, na Mama Bupe alikula wali ule kwa heshima kama anakula harusini. Alikuwa mcheshi. Alinitania kwa kuvaa soksi mbili mbili, akisema watu wa Kyela tumezaliwa jikoni ndiyo maana tukitolewa nje tunalia. Aliongea Kiswahili chake cha Rungwe, akiuita mwezi "mwesi" kama tunavyouita nyumbani, na mwezi huo ulikuwa ni mtu katika mazungumzo yake. Hakupanda magimbi wala kukata mianzi kabla hajatoka uani kuutazama. Mwanzi unakatwa mwezi ukiwa unakufa, alisema, la sivyo dumuzi watautafuna ungali mbichi. Mimi nilimsikiliza kwa tabasamu la mtu aliyesoma. Nalikumbuka tabasamu lile, na nikilikumbuka naona haya peke yangu.

Jioni moja ya Februari mvua ilikatika, mawingu yakafunguka juu ya migomba, na nusu mwezi ukatokea umeoshwa ukaoshwa. Mama Bupe akauliza, akiwa ameshika kiuno, "Hivi mwalimu, huyu akifa huwa anakwenda wapi?" Hakuniuliza kunijaribu. Aliuliza kwa sababu mwalimu amelala nyumbani kwake na hilo ni jambo alilotaka kulijua tangu utoto. Nikampa chemli Bupe aisimamishe juu ya kinu, hiyo ni jua. Nikamsimamisha mama mtu katikati ya ua, wewe ni dunia, usihame. Nikachukua parachichi bichi, nikaanza kumzunguka nimelinyoosha mkononi, na kila hatua nikamwambia atazame upande wenye mwanga. Akaona mwandamo. Akaona nusu. Akaona mwezi mpevu nilipofika upande wa pili, mgongo wake ukiwa kwa taa, ikabidi ainame kidogo kivuli chake kisilifunike parachichi. Halafu akaona mwanga ukipungua tena mpaka parachichi likawa jeusi. "Kumbe hafi!" akapiga kelele. "Gwe Bupe, kumbe yupo, anatupa kisogo tu!" Alicheka mpaka akakaa chini kwenye tope. Nimefundisha miaka thelathini na sita, nimepewa vyeti na kanga za kuagwa, na sijapata tena mwanafunzi kama yule.

Laiti ningeishia hapo. Lakini mimi nikipata msikilizaji siachi. Kesho yake nilichomeka vijiti viwili uani, nikafunga kamba ya mgomba, nikachora mduara uliobonyea kama yai. Nikamweleza kwamba njia ya mwezi si ya mviringo kamili, na dunia haikai katikati yake, imekaa upande mmoja. Kwa hiyo katika kila mzunguko mwezi hutusogelea, kisha hutukimbia. Ukiwa karibu uko kilomita zaidi ya laki tatu na nusu, ukiwa mbali unapita laki nne. Wakati mwingine huwa karibu ukiwa mpevu, wakati mwingine ukiwa mwandamo, kwa sababu mizunguko hiyo miwili hailingani. Mama Bupe akavua ndala, akaufuata mchoro kwa miguu yake, polepole, kanga ikiburuza. Alipofika mwisho wa mbali, karibu na shimo la taka, akageuka. "Mimi ndiyo mwesi! Mnaniona?" Tukasema tunakuona. "Nimekuwa mdogo?" Bupe akasema umekuwa mdogo sana, Mama. Na mimi nikasema, kwa sauti ya darasani, "Hasa. Ukiwa mbali unaonekana mdogo, na nuru yake inapungua."

Nilikuwa nimesoma hayo kwenye kitabu nilichokuja nacho kutoka chuoni. Na kitabu kile, baada ya sentensi hiyo, kilikuwa na sentensi moja zaidi. Kilisema kwamba tofauti yenyewe ni ndogo kiasi kwamba mtu hawezi kuitambua kwa macho matupu. Niliisoma. Niliielewa. Niliiacha kwa sababu ingeharibu utamu: mama amesimama kando ya shimo la taka, mikono imenyooshwa, anang'aa kwa furaha, nami nianze kumwambia kwamba, hata hivyo, hutaona kitu? Mpishi hatii majivu kwenye mchuzi wake. Ndivyo nilivyojiambia, kama nilijiambia chochote. Kwa kweli sidhani nilifikiri hata kidogo. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na nilikuwa napendwa.

Sifa zilienea. Kwenye kituo cha kupimia majani ya chai, ambako wanawake walingoja gari na makapu yao mgongoni, Mama Bupe aliwachorea wenzake yai lile kwa fimbo. Nikipita kwenda shule walinisalimia, "Mwagonile, mwalimu wa mwesi!" nami nikaitikia "Ndaga," nikajisikia mrefu. Mvua za masika zilipokwisha na mbingu ya kipupwe ilipofunguka, tukawa na desturi, yeye na mimi. Baada ya kula tulitoka uani, yeye akautazama mwezi na kunipa taarifa, mimi nikamjibu. Mwezi wa Juni akaniambia, "Mwalimu, mwesi umekwenda mbali kidogo." Nikafurahi kupita kiasi. Nikamwambia, unaona sasa, Mama? Umeanza kuona kama wataalamu! Sikuhesabu kama kweli wakati ule ulikuwa mbali au karibu. Ningeweza kuhesabu. Mwezi wa Julai akasema umezidi kwenda mbali, tena umejizungushia uzio wa mwanga, lakini mimi nilipotazama niliona mwezi mweupe, safi, usio na uzio wowote. Nikasema moyoni kwamba ukungu wa juu huonekana zaidi kwa mtu aliyezaliwa milimani. Ndiyo, nililisema hilo. Mtu mwenye jibu hakosi jibu.

Agosti tulikuwa jikoni, maharage yanachemka, Mama Bupe alipoikazia macho chemli ghafla. "Hata taa imejizungushia uzio," akasema. "Una rangi rangi, kama upinde wa mvua." Bupe akaacha kumenya ndizi. Nikasema ni moshi, Mama, na unyevu wa jikoni. Mwanga ukipita kwenye matone madogo hugawanyika, na ndivyo hivyo hivyo inavyokuwa kwa mwezi. Yote hayo ni kweli. Ukimwuliza mwalimu yeyote wa sayansi atakwambia ni kweli. Bupe akasema, hajamwinulia mama yake uso, "Lakini mimi siuoni." Nikamjibu, tena kwa ukali, kwamba yeye hajazoea kutazama. Mama Bupe akacheka, akampiga begani kwa upande wa mwiko. Nikainamia mafiga nikasukuma kuni, na Bupe akaendelea kumenya.

Dalili nyingine zilikuwepo, tena za kutosha. Kichwa kilimuuma kila jioni, juu ya nyusi, akazilaumu kuni mbichi. Alipita mlangoni akagonga bega. Halafu karani wa mizani akaanza kumkatalia kapu. Chai inachumwa majani mawili na kichipukizi, na Mama Bupe, aliyesifika kwa uchumaji msafi, alianza kupeleka majani magumu na vijiti. Alirudi nyumbani siku moja na kapu zima lililokataliwa, akalimwaga chini ya migomba, akaingia chumbani. Usiku ule mvua haikuwepo. Nilikuwa kitandani, ndizi zinanukia chini yangu, na maneno yakavuka ukuta. Bupe alikuwa analia. "Mama, twende Igogwe, pale hospitali wakakutazame macho. Nitakupeleka Jumamosi, tukitoka alfajiri tutawahi." Kisha sauti ya Mama Bupe, ya upole, ya mtu anayemfariji mtoto: "Mwalimu amesema mwesi uko mbali. Ukirudi karibu nitaona. Hata wewe ulikuwepo alipochora." Bupe akasema, "Mama, majani ya chai siyo mwezi." Na mama akamjibu, "Gwe mtoto, unataka kumzidi mwalimu wako?"

Nilisikia kila neno. Nilipaswa kuinuka. Ukuta ulikuwa wa tofali moja tu, ningeweza kuusema ukweli nikiwa nimelala chali: Mama, nenda, mwezi hauhusiki. Na nataka niandike nilichokihisi, maana nimekificha kuliko kitu kingine chochote katika maisha yangu. Nilihisi fahari. Nilijifunika blanketi nikasikia joto tumboni kwa kuwa mtu mzima, mwenye shamba lake na akili zake, amenitanguliza mimi mbele ya macho yake mwenyewe. Wasiwasi ulikuwepo, lakini ulikuwa mdogo, nao nikaulaza kwa kusema nitamwuliza kesho. Kesho nilikuwa na daftari za kusahihisha.

Novemba mvua zilirudi. Alfajiri moja niliamshwa na sauti ambayo nilidhani ni ng'ombe anayezaa. Alikuwa Mama Bupe, amepiga magoti sakafuni, ameshika jicho la kulia, anatapika. Jicho lilikuwa jekundu na gumu, na kichwa, alisema, kinapasuka. Vijana wa jirani walimbeba kwa machela ya mianzi hadi barabarani, mvua inatupiga, Bupe akikimbia kando na mwavuli ambao haukumfunika mtu. Tulipata gari la majani ya chai likatufikisha hospitali. Daktari alikuwa mzee mtaratibu, alimtazama kwa muda mrefu, akampa dawa, akatuita mimi na Bupe kwenye benchi la nje. Akasema ni presha ya macho. Ingekuwa mtoto wa jicho tungemtoa na angeona, alisema, lakini hii ikishachukua hairudishi. Jicho moja limekwisha. La pili limebaki na tundu dogo, tutajaribu kulilinda, msiwe na tumaini kubwa. Kisha akauliza, bila lawama, kama daktari anavyouliza: "Hakuwahi kulalamika kwamba anaona duara za rangi kuzunguka taa?"

Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa pale. Mimi ndiye niliyepaswa kujibu. Mvua ilikuwa inapiga bati la baraza, nikajifanya sijasikia vizuri. Bupe akageuza kichwa akanitazama, mtoto wa miaka kumi na mitano, maji yanamchuruzika usoni, na hakunitazama kwa chuki. Alikuwa anasubiri, kama walivyosubiri darasani nikiandika ubaoni. Nilipokaa kimya akamgeukia daktari, akasema, "Alilalamika. Tangu Agosti." Hakusema zaidi. Alinitunzia siri ile mbele ya daktari, na tangu siku hiyo hajaniita kwa jina lolote isipokuwa Mwalimu, kwa namna ambayo neno hilo limekuwa zito kuliko tusi.

Desemba niliomba uhamisho nikapata. Siku ya kuondoka, Mama Bupe aliniagiza nimsogelee, akanipapasa uso kwa vidole vilivyokuwa bado na rangi ya chai, akanifungia ndizi mbivu za chini ya kitanda changu. "Mwanangu, soksi umevaa?" akauliza. Tundu dogo la jicho la kushoto lilizibika mwaka uliofuata. Bupe aliacha shule ili awe macho ya mama yake na mikono ya shamba. Alikuwa wa kwanza darasani kwangu. Mimi niliendelea na masomo, nikapanda vyeo, nikawa mkuu wa shule, na kila mavuno nilituma mchele wa Kyela. Mchele ulipokelewa, na ujumbe ukarudi: Mama anashukuru. Nilikwenda kumwona mara mbili katika miaka yote hiyo, mchana, jua likiwa kali, nikakaa kidogo tu. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Mimi yule mama nilimwambia asitazame.

Basi Alhamisi nikaenda. Niliwakuta uani jioni, jua linakaribia kuzama. Mama Bupe sasa amepita miaka themanini, amekuwa mwembamba kama mpini, ameketi kwenye kigoda amegeuzia uso mashariki, redio kifuani. Bupe alikuwa anamenya ndizi mlangoni pa jikoni, nywele zake zimeingia mvi. Aliniamkia, akapokea mchele, hakunipa pa kukaa. Nikabaki nimesimama kama mwanafunzi aliyechelewa. "Ugonile, mwalimu," akasema mama, na nilipoitikia akatabasamu upande ule ilikotoka sauti. "Umenenepa. Nasikia unavyokanyaga." Nikacheka, halafu nikaona nikicheka zaidi nitalia.

"Redio inasema mwesi leo uko karibu," akaanza.

"Ni kweli, Mama. Uko karibu."

"Wanasema utaonekana mkubwa."

Nilikuwa nimelibeba neno lile tangu Mbeya. Nilikuwa nimelipanga, nimelipunguza, nimelitafutia mahali pa kuanzia. Lilipotoka lilitoka bila mpangilio wowote. "Mama, redio wanatia chumvi. Ukiutazama kwa macho hutaona tofauti. Mtu hawezi kuona. Hata mwaka ule, ungekuwa mbali kiasi gani, usingeuona umekuwa mdogo. Ilikuwa imeandikwa kwenye kitabu changu. Nilisoma, na sikukwambia. Uliposema mwezi unakwenda mbali yalikuwa macho yako, na nilipaswa kukwambia uende hospitali. Na usiku ule Bupe alipokuwa anakuomba, nilikuwa macho. Niliwasikia." Kisu cha Bupe kilinyamaza. Kuku mmoja alipita katikati yetu akidonoa maganda ya ndizi, na sisi watu wazima watatu tukamngoja apite.

Mama Bupe alizima redio. "Najua," akasema. "Mwaka ule ule nilijua. Niliwauliza wenzangu kituoni, hivi mwesi kwenu umekuwa mdogo? Wakasema hapana, uko vile vile, nenda katazamwe macho. Nikawacheka. Nikawaambia, ninyi hamna mwalimu nyumbani kwenu."

Alilisema taratibu, bila hasira, akiisawazisha kanga magotini. Nilikuwa nimejiandaa kwa msamaha na nilikuwa nimejiandaa kwa laana. Sikujiandaa kwa hilo. Kwamba walikuwepo wa kumwokoa, kijiji kizima cha wanawake wenye makapu mgongoni waliomwambia kweli, na aliwaacha wote akanichagua mimi, kwa sababu alijivunia kunilaza chini ya bati lake kama nilivyojivunia kulala hapo nikiaminiwa. Nikasema, "Mama, nisamehe," na likasikika dogo mno, kama kumwagia kijiko cha maji nyumba inayoungua.

Aliinua uso, akaugeuzia mashariki tena, juu ya migomba. "Sasa malizia somo. Umeshatoka? Uniambie ulivyo. Usiongeze."

Nikatazama. Jua lilikuwa limezama, na saa ya mwezi kuchomoza ilikuwa imefika. Lakini ukungu ulikuwa umeteremka kutoka mlima Rungwe wakati tunazungumza, ule ukungu wa kwetu usioomba ruhusa, ukameza migomba, ukameza paa la jirani, ukaja mpaka kwenye mdomo wa ua. Zamani ningemwambia uko pale nyuma, Mama, mkubwa, wa rangi ya dhahabu, na ningelisema kwa uzuri hata kuku angeamini. "Sioni kitu, Mama," nikasema. "Kuna ukungu. Sioni kitu kabisa."

Nyuma yangu nilisikia Bupe akiinuka, akiingia jikoni, akitoka, na kitu kigumu kikawekwa chini karibu na miguu yangu. Kilikuwa kigoda.

"Haya, keti," akasema Mama Bupe. "Leo tuko sawa."